Somo: Kujenga mashamba na vijiji vyenye sababu kwenye gemu za kujenga miji

Ramani nyingi ninazoombwa nizitazame zina ugonjwa mmoja. Mji wa katikati umejengwa kwa subira na kila njia panda imepimwa. Kisha barabara kuu inatoka nje ya mji, na nusu kilomita mbele unakuta nyasi tupu, au vijumba kumi vilivyopangwa mraba, na kando yake kipande cha kilimo kilichobandikwa pale kwa sababu tu kitufe cha kilimo kilikuwepo.

Mjini wingi wa majengo huficha makosa. Shambani kila kitu kinaonekana, na jicho la mtazamaji huuliza maswali hata kama mwenyewe hajui kwamba anauliza: kwa nini nyumba hii iko hapa? Anayeishi humu anachota maji wapi? Njia hii inakwenda kwa nani? Kwa hiyo somo hili linafuata mpangilio uleule ambao watu wangefuata kuijaza nchi: maji, njia, mashamba, nyumba, na reli baada ya vyote hivyo. Ukianza na nyumba umeshapotea.

Vipimo vyangu ni vya gemu ya Cities: Skylines ya mwaka 2015, ambako mraba mdogo wa gridi ni mita 8 kwa 8. Wa gemu nyingine watabadilisha hesabu tu.

Hatua ya 1: Soma ardhi

Simamisha muda, usiweke chochote. Washa mwonekano wa mwinuko, kisha ule wa rasilimali unaoonyesha udongo wenye rutuba. Tafuta mambo manne: maji yanapita wapi, yakifurika yatafika wapi, wapi mteremko ni mkali mno kwa jembe, na wapi pana tambarare kavu. Kingo za chini za mto ni malisho, hakuna mwenye akili aliyejenga pale. Nyumba hukaa juu kidogo ya mstari wa mafuriko, au chini ya kilima pale chemchemi zinapotokea. Mteremko mkali uache uwe msitu. Dakika ishirini za kutazama hapa zinaokoa siku nzima ya kubomoa.

Hatua ya 2: Chora njia ya zamani

Chukua barabara ya changarawe na zana ya mkunjo. Unganisha ukingo mmoja wa ramani na mwingine kwa njia moja tu, nayo itembee kama mtu mwenye mzigo anavyotembea: inazunguka kilima, inashuka taratibu, inavuka mto pale ulipo mwembamba. Usiinyooshe. Baadaye ukileta barabara kuu ya kisasa, hiyo ndiyo ikate kilima moja kwa moja, na vipande vya njia ya zamani vibaki pembeni vikihudumia mashamba. Mtu akiona kipande kama hicho anajua papo hapo kwamba nchi hii ina umri.

Kuna mahali ambapo mstari ulionyooka ndio ukweli. Marekani, kuanzia sheria ya ardhi ya 1785, sehemu kubwa ya nchi iligawanywa kwa miraba ya maili moja, miraba 36 ikifanya kitongoji kimoja. Ukitaka nchi ya namna hiyo, nyoosha bila wasiwasi, lakini kumbuka maili moja ni kilomita 1.6, yaani miraba midogo kama 200 ya gridi. Wengi huchora miraba ya mita 80 na kuiita mashamba. Ile ni mitaa ya mji isiyo na nyumba.

Hatua ya 3: Pima umbali

Katika karne ya 13 mwanasheria wa Uingereza Henry de Bracton aliandika kwamba soko jipya lisiwekwe karibu na la zamani kuliko maili 6 na theluthi mbili. Alichukua mwendo wa siku moja, maili 20, akaugawa kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kuuza na kununua, theluthi ya kurudi. Hiyo ni karibu kilomita 10.7. Sasa tazama ramani yako: vigae vyote 81 (vipande vya ardhi vinavyofunguliwa kimoja kimoja) vikifunguliwa, ukubwa wake ni kilomita 17.28 kila upande. Kwa kipimo halisi, kwenye mstari wa upande mmoja miji ya soko unayoweza kuweka ni miwili tu!

Bila shaka tunabana umbali, la sivyo gemu haina raha. Mimi hubana kwa nusu: mji wa soko kila kilomita 5 hivi, na kati yake vijiji vidogo vya nyumba kumi hadi thelathini. Kinachotakiwa kubaki ni uwiano. Mji wa soko mmoja, vijiji kadhaa vinavyouelekea, na nyumba za pekee zinazoelekea vijiji.

Hatua ya 4: Mashamba

Hapa ndipo somo lilipo, msiharakishe.

Eneo unalogawa (yaani unalolipangia matumizi, kama makazi au viwanda) kando ya barabara lina kina cha miraba minne tu, mita 32. Shamba la mita 32 ni bustani. Hekta moja ni mita 100 kwa 100, miraba 12 na nusu kila upande, na shamba la nafaka linalolimwa kwa trekta lina hekta nyingi. Ndiyo maana kilimo cha kugawa maeneo peke yake hakitakupa nchi ya kilimo. Tumia maeneo hayo kama moyo unaofanya kazi, yaani malori, wafanyakazi na mazao, kisha uzungushie mashamba ya kuchora: rangi za ardhi kwa Surface Painter (modi, yaani programu ndogo ya nyongeza), nyuzio, mistari ya miti, na aseti za mashamba, yaani vitu vilivyotengenezwa na wachezaji, kutoka maktaba ya mtandaoni ya Steam Workshop.

Anza na mipaka. Chora nyuzio na mistari ya miti kwanza, rangi ifuate. Mipaka ishike vitu vilivyokwishakuwepo: njia, kijito, ukingo wa msitu. Kando ya mto, vipande viwe virefu na vyembamba, upande mwembamba ukigusa maji, kama vile vya kando ya mto Saint Lawrence huko Quebec, ambako kila familia ilitaka mlango wa mtoni. Kwa nchi ya kale iliyolimwa kwa ng'ombe, vipande pia ni virefu, kwa sababu kugeuza plau yenye ng'ombe wengi ni kazi. Huko Uingereza matuta ya zamani hata yamejipinda kama herufi S iliyogeuzwa, maana ng'ombe walianza kugeuka kabla ya kufika mwisho. Jaribu mpindo huo mdogo kwenye uzio wako, uone shamba linavyobadilika.

Kwa nchi kavu ya kisasa, weka miduara. Mtambo wa kumwagilia unaozunguka kwenye mhimili wake, ambao Frank Zybach aliupatia hataza mwaka 1952, kwa kawaida huacha duara la mita 800 hivi, karibu hekta 50. Kwenye gridi ni miraba 100 toka ukingo hadi ukingo. Pembe nne zisizofikiwa na maji ziache kahawia, au weka ghala katika mojawapo.

Unapanda nini wapi? Mjerumani Johann Heinrich von Thünen alilijibu hilo mwaka 1826: karibu na soko mboga na maziwa kwa kuwa huharibika upesi, kisha kuni kwa kuwa ni nzito, kisha nafaka, na mbali kabisa mifugo kwa kuwa inajitembeza yenyewe hadi sokoni. Mimi hufuata pete hizo karibu kila ramani. Vipande vidogo vya rangi nyingi kando ya mji, vikubwa vya rangi moja kadiri unavyokwenda mbali, mwisho malisho yenye miti michache. Na shamba moja kati ya matano au sita liache limepumzishwa, lenye majani ovyo. Mashamba yote yakiwa ya kijani sawasawa, nchi inakuwa zulia.

Hatua ya 5: Kijiji

Sasa ndipo nyumba zinakuja, na zinakuta mipaka tayari. Chagua njia panda, daraja au chemchemi. Weka nyumba za kwanza karibu na njia, zisizolingana umbali, nyingine zikiwa zimegeuka kidogo (modi ya Move It inafanya hivyo kwa sekunde chache). Duka moja kwenye njia panda linatosha. Nyuma ya kila nyumba acha uwanja, na uwanja uishie kwenye mpaka wa shamba. Usizungushe kijiji kwa barabara.

Hatua ya 6: Reli na nguzo za umeme

Reli haiwezi kupanda kama barabara. Reli kuu nyingi hukaa kwenye mteremko wa asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo itafuata bonde na haitajali shamba la nani. Ndiyo sababu naileta mwishoni: ikipita juu ya mashamba yaliyokwishachorwa, inayakata kwa mshazari na kuacha pembetatu ndogo zisizolimika. Usizifute pembetatu hizo. Jaza vichaka. Stesheni mara nyingi huangukia mbali kidogo na kijiji, na nyumba chache mpya zitaanza kuifuata.

Hatua ya 7: Miti

Brashi ya msitu ni tamu na ndiyo inayoharibu ramani nyingi. Miti iliyomwagwa sawasawa haina maana. Ipande pale jembe lilipokataa: miteremko, kingo za vijito, pembetatu za reli, mstari wa kukinga upepo. Changanya aina tatu au nne, na ukingo wa msitu upewe vichaka vifupi kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nacheza bila modi hata moja. Nifanye nini kwenye hatua ya 4?*

Inawezekana, ndugu yangu. Chora barabara mbili za changarawe zikiachana kwa miraba minane kamili, mita 64. Gawa eneo la viwanda upande wa ndani tu, kisha upake wilaya yenye utaalamu wa kilimo juu ya udongo wenye rutuba. Mashamba ya pande mbili yatagusana mgongo kwa mgongo na jicho litaona shamba moja pana. Upande wa nje futa ugawaji wote, panda mti mmoja mmoja kama ua. Usirudie vipimo vilevile kila mahali.

*Wakazi wa vijiji vyangu wanahama. Nikiweka hospitali na shule kila kijiji, kinageuka mji. Nisaidie.*

Angalia maji na umeme kabla ya yote, hivyo ndivyo vinavyowatoa watu kwanza. Bomba lipite chini ya njia, nguzo zifuate njia. Kilimo hakichafui ardhi kwenye gemu hiyo, kwa hiyo mnara wa maji unaweza kusimama katikati ya mashamba, na unapendeza. Zahanati na shule ziweke mji wa soko tu. Nyumba za kijijini zitabaki ngazi za chini, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, maana zikipanda ngazi zinabadilika sura na kijiji kinapotea.

*Malori ya mazao yanaziba barabara ya kijiji. Niipanue?*

Usiipanue, tafadhali. Ukiipanua utabomoa nyumba za mbele, na hizo ndizo kijiji chenyewe. Tazama malori yanakwenda wapi: mengi yanatoka nje ya ramani. Weka stesheni ya treni ya mizigo kati ya mashamba na mji wa soko, na njia ya changarawe inayoifikia bila kupita kijijini. Ikishindikana, jenga barabara ya mchepuko ikipitia mipaka ya mashamba, isikate katikati.

*Kompyuta yangu inakuwa nzito mno nikifika hatua ya 7.*

Kikomo cha gemu hiyo ni takriban miti 250,000, na vipambo vidogo 65,536, lakini mashine nyingi huchoka kabla ya hapo. Fanya kazi ya karibu pale macho yanapopita: kando ya barabara, reli na mto. Katikati ya msitu ambako hakuna atakayeshuka, panda kwa nafasi, na kwa mbali hutaona tofauti. Vipambo viweke kwenye viwanja vya nyumba, si mashambani.

*Mimi ni wa SimCity 4. Somo hili linanihusu?*

Linakuhusu sana, na una bahati ya kuwa na eneo la vigae vingi. Mraba wako ni mita 16, kwa hiyo hekta ni kama miraba sita kwa sita, na kigae kikubwa cha miraba 256 ni kilomita 4 hivi. Jipe ujasiri wa kuacha kigae kizima kiwe mashamba na kijiji kimoja. Unapogawa kilimo shikilia Shift ili gemu isijikatie vichochoro ndani ya shamba. Kwa njia zisizo za nyuzi 45, sakinisha Network Addon Mod.

*Kwangu tatizo ni pale mji unapokutana na shamba. Kuna mstari kama umekatwa kwa kisu.*

Swali zuri kuliko yote, dada. Usipanue mji kwa pete. Chagua shamba moja lililokwishachorwa, karibu na njia ya zamani, ulijaze nyumba ndani ya mipaka yake ileile, na miti ya ua uiache imesimama. Ruka shamba linalofuata, jaza la tatu. Nyumba ya mkulima ibaki ilipokuwa, sasa ikiwa imezungukwa na majirani, na njia yake ya changarawe igeuke mtaa wa lami wenye mpindo uleule. Mtaa ukipinda mahali ambapo hakuna sababu inayoonekana tena, ujue umefanya sawasawa.