SOMO: Kubadilisha plazma hatua kwa hatua, kwa wenye mgonjwa ambaye kinga yake inamshambulia

Wadau habarini. Mimi ni nesi wa kitengo cha dayalisisi, na wiki hii tena nimekuta familia imekaa kwenye benchi inalia, wameambiwa tu mgonjwa wenu atabadilishiwa plazma nendeni mkalipie, basi, hakuna aliyewaeleza kitu, wao wakaelewa ndugu yao anatolewa damu yote anawekewa ya mtu mwingine. Hili linaniuma kila mara, ndo maana naandika.

Damu ukiiacha itulie kwenye kichupa inajigawa, chini nyekundu, juu maji ya njano kama chai ya rangi iliyopauka. Hayo ya njano ndo plazma, na ni zaidi ya nusu ya damu yako. Humo ndo zinapoogelea kingamwili, askari wa mwili, sasa kuna magonjwa ambayo askari hao wanamgeukia mwenye nyumba. Kwenye Guillain-Barré wanashambulia mishipa ya fahamu, mtu anaanza ganzi miguuni inapanda juu. Kwenye miasthenia gravis wanaziba pale neva inapoipa misuli amri, kope zinaanguka, chakula hakimezeki. Kwenye TTP wanazuia kimeng'enya kinachoitwa ADAMTS13, damu inaganda vibonge vidogo vidogo hadi kwenye ubongo. Tunachofanya sisi ni kuitoa plazma yenye hao askari na kumrudishia maji mengine safi, seli zake nyekundu anarudishiwa zilezile zake.

HATUA YA 1: Ulizeni mapema. Guillain-Barré inafaa ianze ndani ya wiki 2 tangu miguu ilegee, ikichelewa sana mwisho wiki 4. Hii sio ya kubahatisha, Marekani walijaribu kwa wagonjwa 245 wakatoa majibu 1985, waliobadilishiwa plazma walitembea mapema kuliko wasiobadilishiwa. TTP ndo usiseme, hiyo ni ya kuhesabu masaa, kabla ya tiba hii karibu wagonjwa 9 kati ya 10 walikuwa wanakufa. Na msikate tamaa mkiambiwa hospitali haina mashine ya plazma, ulizeni kama kuna mashine ya dayalisisi ya ICU, maana baadhi yake ukifunga filta ya plazma zinafanya kazi hiihii.

HATUA YA 2: Dawa za asubuhi. Soma paketi za dawa za presha za mgonjwa, ukiona jina linaishia na "pril" (enalapril, captopril, lisinopril) mwambie daktari hata kama hajauliza, hizo zinasimamishwa angalau saa 24 kabla, la sivyo mgonjwa akianza kuingiziwa albumini (protini ya plazma, ndo tunayorudishia wengi badala ya plazma iliyotolewa) presha inaweza kuporomoka ghafla huku uso umemuiva. Dawa nyingine nyingi tunampa baada ya mashine, ukimpa kabla unaimwaga na plazma.

HATUA YA 3: Hesabu. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo hela zinapokwenda. Chukua kilo za mgonjwa zidisha 70, hizo ni mililita za damu yake, halafu toa sehemu ya seli nyekundu ambayo iko kwenye kipimo cha damu. Mgonjwa wa kilo 60 ana mililita 4,200, kama seli ni asilimia 35 basi plazma ni 2,730 hivi, tuseme lita 2 na robo tatu. Hiyo yote itolewe na irudishwe nyingine kiasi hicho hicho. Kama duka lina albumini ya asilimia 20 chupa za mililita 100, kila chupa inachanganywa na mililita 300 za saline (maji ya chumvi ya dripu) unapata 400, kwa hiyo chupa 7 kwa raundi moja, mkiandikiwa raundi 5 ni 35. Ulizeni bei ya 35 siku ya kwanza, nimeona familia imenunua za raundi 2 ikakwama katikati. Na kuchanganya ni kwa saline, KAMWE sio maji ya sindano, seli zitapasuka.

HATUA YA 4: Mrija. Unawekwa shingoni au kwenye nyonga, mnene, kwa ganzi. Msiushike, usilowe.

HATUA YA 5: Kwenye mashine. Saa 2 hadi 4. Mwambieni mgonjwa jambo moja tu: akisikia midomo inatekenya kama sisimizi wanapita, au vidole vina ganzi mpya, ASEME PALEPALE. Dawa ya sitreti inayozuia damu isigande kwenye mashine inakamata kalsiamu, ikishuka inaanza hivyo, tunapunguza kasi tunampa kalsiamu, dakika chache ametulia. Kuna mama mmoja alinyamaza akidhani ni ugonjwa wake tu, nilipoona vidole vimejikunja kama anashika kalamu nikajua kachelewa kuniambia. Kwa asiyeweza kuongea tunakubaliana ishara, afumbe macho mara mbili.

HATUA YA 6: Kupumzika. Raundi moja inatoa kama theluthi mbili ya kingamwili zilizo kwenye damu, lakini karibu nusu ya zote ziko nje ya mishipa, kwenye nyama, zinahitaji muda zirudi kwenye damu ndo tuzifuate, ndo maana Guillain-Barré tunafanya siku moja tunaruka moja. Baada ya kila raundi protini za kugandisha damu nazo zimepungua, kwa hiyo msimchome sindano za hovyo, mswaki laini, na homa yoyote toeni taarifa maana mrija ni mlango wa wadudu.

MASWALI YENU

Swali: Nesi shikamoo, hii si ndo dayalisisi yenyewe?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hapana, dayalisisi inatoa vitu vidogo, urea, potasiamu, maji ya ziada. Kingamwili ni likubwa, halipiti kwenye tundu zile, filta ya plazma ina tundu kubwa zaidi ila seli hazipiti.

Swali: Tumeambiwa tulete wachangia damu na wewe unasema albumini, tumedanganywa?
Jibu: Hamjadanganywa dada. Inategemea ugonjwa. TTP inahitaji plazma ya watu yenyewe maana ndo ina kile kimeng'enya, na inafanywa kila siku, benki inaishiwa haraka. Changieni.

Swali: Mume wangu ana miasthenia alifanyiwa akawa mzima kabisa, wiki ya 6 kope zimeshuka tena. Tiba imekataa?
Jibu: Pole sana dada yangu, haijakataa. Tulipiga deki lakini bomba liko wazi, mwili unaendelea kutengeneza kingamwili. Dawa za kutuliza kinga ndo zinafunga bomba na zinachukua miezi, ulizeni kama anazitumia na kipimo kinatosha.

Swali: Kaka yangu ana Guillain-Barré kapewa IVIG (dripu ya kingamwili za watu wengine) juzi, tuongeze na plazma?
Jibu: Mtaitoa IVIG mliyoinunua kwa jasho. Utafiti wa 1997 wenye watu wazima 383 ulilinganisha plazma, IVIG na zote mbili, zote mbili hazikuongeza faida ya maana. Chagueni moja.

Swali: Lupus je?
Jibu: Sio kila lupus (nayo ni kinga kumgeukia mwenye nyumba, inagusa viungo vingi). Ya figo ilijaribiwa kwa wagonjwa 86, 1992, haikuongeza kitu juu ya dawa za kawaida. Daktari anaifikiria kwenye hali chache nzito.

Swali: Nesi, baba kamaliza raundi ya 2 hajasogeza hata kidole. Tusimamishe tuokoe hela?
Jibu: Msisimamishe mwanangu, wengi wanaanza kuonyesha baadaye, mishipa ya fahamu inapona taratibu. Ila kila asubuhi mwambie avute pumzi moja ahesabu kwa sauti hadi pumzi iishe, andika namba. Ikishuka siku hadi siku kimbia kwa daktari usisubiri raundi, hiyo ni misuli ya kupumua.

Jibu la muulizaji: Jana 14, leo 17. Raundi ya 3 ni kesho.