Kuhamisha Madai ya Fidia za Wafanyakazi kutoka Majaladani hadi Mtandaoni

Mwajiri wa mkoa wa Tanga, awe na shamba la mkonge Korogwe, karakana mjini au kazi ya kupakua mizigo bandarini, anayetaka kuhamishia madai ya fidia katika mfumo wa mtandaoni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), asianze na skena. Aanze na tarehe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri atoe taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue kuwa ajali imetokea, na ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 humpotezea mfanyakazi haki yake. Kwa hiyo toa majalada yote kabatini, uyapange kwa tarehe ya ajali na si kwa alfabeti kama makarani tulivyozoea, kisha yale ambayo hayajafikishwa kwenye Mfuko na yanakaribia ukomo huo uyashughulikie siku hiyohiyo. Dai lililokwisha kupokelewa kwa karatasi usiliingize upya kabla ya kuuliza Mfuko limefikia wapi.

Kazi itakayokula muda ni majina. Mkata mkonge aliyeajiriwa zamani huenda yumo katika daftari la mishahara kwa jina analoitwa kambini, katika kitambulisho cha Taifa (cha NIDA) kwa majina ya baba na babu, na katika kadi ya hospitali kwa jina alivyolisikia muuguzi. Karani anayewafahamu watu wake atajua kuwa hao watatu ni mtu mmoja, lakini kompyuta itaona watu watatu. Fuata jina la kitambulisho cha NIDA, na pale nyaraka zinapotofautiana, mfanyakazi aape hati ya kiapo. Usiifute wala kuirekebisha karatasi ya zamani kwa kalamu, kwa sababu nyaraka iliyoguswa humtia shaka kila atakayeisoma.

Kumbukumbu za malipo nazo zinahitaji uangalifu, kwani anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake. Kwa anayelipwa kulingana na alichokata, karatasi ya mwezi mmoja wa mvua haitoshi kuonyesha kipato hicho. Ambatisha za miezi kadhaa kabla ya ajali, zisomeke vizuri hadi pembeni.

Kabla ya kutuma, mwite mhusika, umsomee yote yaliyojazwa, hasa maelezo ya jinsi korona (mashine ya kuchakata mkonge) au gari lilivyomjeruhi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwapo. Hakikisha namba ya simu na akaunti ya benki ni zake mwenyewe, si za nyapara wake. Ukishatuma, mpe nakala ya uthibitisho iliyochapwa, na karatasi halisi zirudi jaladani, zikae humo hata baada ya dai kulipwa.