Pete janja: ivae hivi ikupe namba za kuaminika

Pete janja ni pete ya kielektroniki inayopima mapigo ya moyo, hatua na joto la mwili, namba ukazisoma kwenye simu. Anza na saizi, maana hapo ndipo wengi wanapochemka. Kipimo cha sonara hakisaidii sana, kwa kuwa saizi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Omba kwanza pete za plastiki za kujipimia, uvae moja saa 24, ulale nayo. Kwa joto la Tabora la Septemba na Oktoba vidole huvimba, hivyo pete inayoingia vizuri alfajiri inaweza kukubana jioni. Iwe inazunguka ukiizungusha, isizunguke yenyewe.

Ivae kidole cha shahada, sensa (vipimio vidogo vya ndani ya pete) zikiwa upande wa kiganja. Taa zake husoma damu inavyopita mishipani. Pete ikilegea, mwanga wa nje hupenya na mapigo ya moyo yanaruka ovyo.

Kwenye baiskeli usiiamini sana. Mkono umetulia kwenye usukani, hatua hazihesabiki, na kushika kwa nguvu kunaisogeza pete. Anzisha zoezi mwenyewe kwenye programu ya simu. Ukitwanga au kunyanyua vyuma, ivue kabisa: inakwaruzika, na inaweza kukuumiza kidole.

Ichaji wakati wa kuoga, usisubiri izime. Umeme ukikatika, pawabenki inatosha. Ukinawa mikono nayo, futa povu la sabuni kwa ndani, linawasha ngozi.

Wiki mbili za mwanzo usihukumu kitu. Bado inajifunza kawaida yako. Baadaye ikionyesha joto la mwili limepanda, nenda kapime malaria. Pete haioni vimelea.