Kusoma tamathali za semi katika insha na hadithi za Kiingereza: hatua kwa hatua

Mwanafunzi wa sekondari hapa Tanga huingia katika kipindi cha Kiingereza akiwa tayari anazifahamu tashbihi (ulinganisho wa wazi), sitiari (ulinganisho usio na neno la kulinganishia), tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu) na mubalagha (kutia chumvi), kwa sababu amekwisha kuzisoma katika fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, akipewa kifungu cha ufahamu cha Kiingereza, hukimbilia kuzitaja kwa majina yake mapya na kuishia hapo, kana kwamba aliagizwa kuzihesabu. Mimi hufundisha masomo ya ziada kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba tamathali ni sehemu ya maana ya kifungu, na kwamba asiyeweza kueleza inaongeza nini katika habari inayosimuliwa hajaielewa, hata kama amelipatia jina lake. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia darasani, na unamfaa pia anayejisomea nyumbani.

Tutatumia kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya somo hili. Kinakili kwenye daftari, ukiacha mstari mmoja mtupu chini ya kila mstari:

"Mzee Salim's bicycle was as old as the railway. It groaned all the way from Ngamiani to the harbour, and he rewarded its loyal service with a kick. The sea was a sheet of hot tin. No ship had come for a week. 'What a busy port we have,' he told the watchman, who had been asleep since noon."

Hatua ya kwanza: soma bila kalamu

Soma kifungu chote mara mbili, kalamu ikiwa mezani. Mara ya kwanza unatafuta nani anafanya nini na wapi. Mara ya pili unaangalia jinsi sentensi moja inavyoishika nyingine. Neno gumu lisikusimamishe. Kama hujui maana ya "groaned", endelea tu, kwa kuwa sentensi zenyewe zinakuambia kwamba baiskeli ni kuukuu na kwamba jambo hilo lilidumu njia nzima, na hayo yanatosha kukisia kuwa ni sauti isiyo ya furaha. Kamusi ifunguliwe baada ya kukisia.

Hatua ya pili: andika maana ya wazi kwa Kiswahili

Andika habari yenyewe kwa lugha ya kawaida, bila pambo lolote: mzee anakwenda bandarini kwa baiskeli kuukuu, anaipiga teke, bahari imetulia chini ya jua kali, meli hazijafika wiki nzima, na mlinzi amelala tangu saa sita mchana. Wapo walimu wasiotaka kusikia Kiswahili katika somo la Kiingereza, na sababu zao nazielewa, lakini katika hatua hii sikubaliani nao. Anayeandika muhtasari wake kwa Kiingereza anaweza kunakili maneno ya kifungu na kuficha kwamba hakuelewa kitu. Anayeandika kwa Kiswahili hana pa kujificha.

Hatua ya tatu: tafuta pasipowezekana

Sasa shika kalamu. Katika kila sentensi jiulize kama jambo hilo linaweza kuwa kweli jinsi lilivyoandikwa. Baiskeli haigumii kwa maumivu. Bahari si bati. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, kwa hiyo baiskeli ya mzee yeyote aliye hai leo haielekei kuwa na umri huo. Hapo pana tashbihi iliyobeba mubalagha ndani yake. Pigia mstari kila sehemu ya namna hii na uandike jina la tamathali katika ule mstari mtupu.

Wanafunzi wengi husaka maneno "like" na "as" peke yake, na njia hiyo huwapotosha kwa pande mbili. Katika "she sang as she swept" hakuna ulinganisho wowote, kwani "as" hapo inaonyesha tu kwamba mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Sitiari nayo haina neno la kulinganishia, na kwa hiyo anayetegemea maneno hayo huipita bila kuiona. Tanakali sauti (maneno yanayoiga sauti) na takriri (kurudiarudia maneno) hazihitaji maelezo marefu: soma kwa sauti, na sikio litazikamata lenyewe.

Hatua ya nne: ichambue tamathali

Kwa kila tamathali ya ulinganisho andika mambo manne: kinachozungumziwa, kinachofananishwa nacho, sifa wanayoshirikiana, na hisia inayoachwa kwa msomaji. Tuchukue sitiari ya bahari. Kinachozungumziwa ni bahari. Kinachofananishwa nacho ni bati lenye moto. Sifa ya pamoja ni mng'ao unaoumiza macho, ubapa usio na wimbi, na joto. Aliyewahi kusimama pwani ya Raskazone hapa Tanga saa nane mchana wakati upepo umekatika hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hisia inayoachwa ni ya adha na ya kitu kisichosogea, na hapa ndipo kazi ya sitiari inapoonekana, kwa sababu sentensi inayofuata inatuambia kwamba hakuna meli iliyokuja. Mwandishi ametuonyesha bandari iliyokufa kabla hajatutajia.

Jambo la nne, yaani hisia, ndilo linalowatesa wanafunzi wetu, kwa kuwa vitu vinavyotumika katika fasihi ya Uingereza vimebeba hadhi ya huko. Soneti (shairi la mistari kumi na minne) ya 18 ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609, inaanza kwa kuuliza kama mpenzi afananishwe na siku ya majira ya joto. Msomaji wa Tanga anayelikumbuka jua la Januari, watu wanapokimbilia vivuli vya miembe, anaweza kudhani kwamba mpenzi huyo anatukanwa. Uingereza majira ya joto ni mafupi na hungojewa kwa hamu, ilhali majira ya baridi, yenye miti iliyopukutika na usiku mrefu, mara nyingi husimama badala ya uzee, upweke au kifo. Kabla ya kuandika hisia, basi, jiulize kitu hicho kina hadhi gani kwa watu wa mwandishi. Reli katika kifungu chetu haimsumbui msomaji wa Tanga. Wa London ndiye angehitaji kuelezwa.

Hatua ya tano: ishughulikie kejeli peke yake

Kejeli, ambayo vitabu vingine huiita kinaya, ni kusema jambo huku maana iliyokusudiwa ikiwa kinyume chake, nayo huponyoka katika hatua ya tatu kwa sababu sentensi yake inaweza kabisa kuwa kweli. Bandari inaweza kuwa na shughuli nyingi, na mzee anaweza kuisifu. Kinachoifichua ni yaliyoizunguka: wiki nzima bila meli, na mlinzi aliyelala. Kila unapokutana na sifa, shukrani au pongezi katika kifungu cha Kiingereza, rudi nyuma sentensi mbili na uende mbele sentensi mbili, uone kama matukio yanaiunga mkono. Watu wa pwani wanapaswa kuliweza jambo hili kuliko wengi, maana mwanamke wa Kiswahili hasomi jina la kanga bila kujiuliza linamlenga nani.

Tofautisha pia kejeli ya mhusika na ya msimulizi. Maneno kuhusu bandari ni ya Mzee Salim, naye anajua anachokisema. Lakini ile "rewarded" ni ya msimulizi: mzee mwenyewe haoni kwamba analipa utumishi mwema kwa teke, sisi ndio tunaoonyeshwa. Swali linalouliza mtazamo wa mwandishi kwa mhusika mara nyingi hujibiwa kwa neno dogo kama hilo.

Katika insha kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna mhusika wa kumtilia shaka. Mwaka 1729 mwandishi Jonathan Swift alichapisha insha inayopendekeza kwamba maskini wa Ireland wawauze watoto wao wachanga wawe chakula cha matajiri, akaambatanisha hesabu na hoja za faida kwa sauti tulivu ya mtaalamu. Anayeisoma neno kwa neno anamwona mwandishi katili, ilhali mshale unaelekezwa kwa wamiliki wa ardhi na kwa wale waliowageuza maskini kuwa tarakimu. Dalili yake ni ule utulivu usiolingana na unyama unaopendekezwa, na ndiyo dalili ya kuitafuta katika insha yoyote.

Hatua ya sita: andika jibu

Swali likiuliza tamathali iliyotumika katika sentensi ya pili na athari yake, jibu "It is personification" ni nusu ya jibu. Jibu kamili linataja tamathali, linaonyesha maneno yanayoibeba, kisha linaeleza athari ndani ya kifungu hicho: "The writer personifies the bicycle by making it groan like a tired old man. This shows how worn out it is, and it makes the kick look unkind." Epuka kuandika kwamba tamathali inafanya habari ivutie, kwani maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kifungu chochote duniani na hayathibitishi kwamba umekisoma hiki.

Kama kifungu hichohicho kinatakiwa kufupishwa, usiipeleke tamathali katika muhtasari. Rudi kwenye maana ya wazi uliyoiandika katika hatua ya pili na uigeuze kuwa Kiingereza: bahari ya bati inabaki "the sea was hot and still", au inaachwa kabisa iwapo idadi ya maneno uliyopewa haitoshi.