Somo: Picha umeitoa mtandaoni, utajuaje ni ya nani kabla hujaichapisha

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mimi nachapa mabango, fulana na kalenda hapa Lamu mjini, na haipiti wiki mtu hajaniletea picha kwenye simu akanambia "hii nimeitoa Google, haina mwenyewe". Ina mwenyewe. Google inakuonyesha tu imekaa wapi.

Niliwahi kuchapa kalenda 200 za nyumba moja ya wageni, mwezi wa Machi tukaweka jahazi limetweka tanga, picha nzuri sana, kumbe ile picha pale chini pembeni ilikuwa na jina la mpigaji kwa maandishi madogo meupe na mteja alikuwa ashalikata. Mwenyewe akaiona, akapiga simu. Tulikaa sakafuni na mikasi tukitoa ukurasa wa Machi mmoja mmoja, na pesa tukalipa. Ndio maana naandika.

Hatua ya 1. Jua haki inaanza lini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya 2001 na imefanyiwa marekebisho, kubwa ni ya 2019. Ukishapiga picha au ukishaandika shairi lako mwenyewe haki ishakuwa yako, hata hujasajili, hata hujaweka ile alama ya c ndani ya duara. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni hiari, ila kunasaidia sana siku ya kuzozana. Maandishi, muziki na michoro inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Picha za kamera ni miaka 50 tangu zipigwe au zitolewe kwa watu, inahesabiwa tarehe ile iliyokuja baadaye.

Hatua ya 2. Msake mwenyewe. Hapa usiwe na haraka. Anza na pembe za picha, kuna jina? Halafu ipitishe Google Lens, kile chombo cha Google cha kutafuta kwa picha, uone imetokea wapi kwengine, na usiridhike na ukurasa wa kwanza manake wengi wameichukua kwa mwengine, tafuta ile kubwa kuliko zote na ya tarehe ya zamani kuliko zote. Fungua pia maelezo ya faili lenyewe, saa zingine jina la mpigaji limo humo. Ukiikuta ina leseni ya Creative Commons, yaani mwenyewe ameshatoa ruhusa kwa kila mtu ila kwa masharti, soma herufi zake: BY umtaje, NC si ya biashara, ND usiibadilishe, SA ukiibadilisha uitoe kwa leseni hiyohiyo. Kalenda ya kuuza na NC haziendi pamoja.

Hatua ya 3. Usijifiche nyuma ya sheria ya Marekani. Watu wanaangalia video za YouTube wanakuja kunambia "matumizi ya haki", ile fair use ya kutumia kazi ya mtu bila ruhusa yake. Kule mahakama inapima mambo manne: unaitumia kwa nini, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia soko mwenyewe au la. Kwetu sheria imetaja shughuli zenyewe: utafiti wa kisayansi, matumizi yako binafsi, uhakiki, habari za matukio, na uhakiki na habari lazima utaje chanzo. Tangazo la hoteli halimo. Na hiyo ya "sekunde saba za wimbo ni bure" haipo popote, si kwao si kwetu.

Hatua ya 4. Omba ruhusa kwa maandishi. Sema picha gani, nakala ngapi, muda gani, bei gani. Meseji ya WhatsApp ni bora kuliko maneno ya barazani, lakini akikuuzia haki yenyewe hapo lazima karatasi iliyotiwa saini.

MASWALI

Swali (Matondoni): Nataka beti za Mwana Kupona kwenye bango la madrasa, nalipa nani?

Jibu: Maneno yake hulipi mtu, mwalimu wangu. Utenzi aliutunga 1858 na bibi yetu huyo alifariki karne hiyohiyo. Ila tafsiri na maelezo ya mtu wa juzi yana haki yake, na kanda ya aliyeughani vilevile. Nakili beti tupu, na jina lake uliandike.

Swali (Shela): Napiga picha za harusi, naweza kuziweka kwenye ukurasa wangu?

Jibu: Hapa wengi wanakosea kaka. Kazi ya kuagizwa haki inakwenda kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vyengine. Kwa hivyo andikianeni kabla ya harusi, na picha za ukumbi wa wanawake hata usiulize, ziache.

Swali (Langoni): Na milango ya nakshi kwenye fulana?

Jibu: Mlango ulio njiani kila mtu anauona, sheria inaruhusu kuupiga na kutoa nakala. Picha ya mlango aliyoipiga mwengine, hiyo hapana.

Swali (Mkomani): Nikimtaja mwenyewe si yatosha?

Jibu: Haitoshi dadangu. Kumtaja ni haki yake, ruhusa ni kitu chengine. Fanya vyote viwili.

Swali (Mkomani tena): Nimemuandikia mara tatu hajibu, na kalenda yatakiwa Ijumaa.

Jibu: Kunyamaza kwake si ruhusa. Shuka forodhani leo alasiri majahazi yakirudi, piga yako, niletee kesho asubuhi naichapa.