Vyombo vya kuanza kuvua na ndoano hapa Goma: anza na vidogo, nunua vingi

Wadogo zangu wengi wananiuliza wanunue nini juu ya kuanza kuvua na kane (fimbo ya kuvulia) hapa ku ziwa Kivu, na karibu wote wameshaangalia zile video za Marekani za kuvua black bass, kane nzuri, muline (kile chombo cha kuzungushia kamba) inang'aa, sanduku lenye vyumba vyumba limejaa samaki wa plastiki wa rangi zote. Zile video ziko muzuri, zinafundisha namna ya kurusha na namna ya kufunga fundo, mimi mwenyewe njo nilianzia pale. Lakini mule ndani ya Kivu bass hayuko. Yule ni samaki wa Amerika ya Kaskazini, kwa upande huu wetu wazungu walimuleta Kenya kule ziwa Naivasha, ana kinywa kikubwa unaweza hata kuingizamo ngumi, anakula samaki wenzake, njo maana wanamutupia kasamaki ka plastiki na anakavamia. Sisi hapa tuko na tilapia, tuko na vile visamaki vidogo vya kwenye mawe vinaitwa haplochromis, tuko na kambale, na sambaza ambao ni kazi ya wavu na taa usiku. Tilapia ana kinywa kidogo na anakula polepole. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata franka moja fikiria vitu viwili: kinywa cha samaki na mawe ya chini ya maji.

Mawe njo nitaongea sana hapa, sababu njo yanamaliza pesa. Pembeni ya ziwa hapa Goma ni volkano tupu, lava ya zamani na ile ya 2002 iliyokata muji katikati mpaka ikaingia ndani ya maji. Lava ina matundu matundu na inakata kama kisu. Mwezi wangu wa kwanza nilinunua ndoano kumi kubwa na plombi (risasi ya kuzamisha ndoano) nzito, siku tatu zote zikabaki chini ya maji, kila nikivuta kamba inakatika. Muzee moja wa Kituku, pale pembeni ya ziwa, aliniangalia siku hiyo akaniambia, « mutoto wangu, hapa hauvue na nguvu, na hiyo ndoano samaki wa hapa ataimeza na kinywa gani? » Akanionyesha zake, zilikuwa ndogo nikafikiri ni za kuchezea watoto. Jioni alirudi na tilapia nane, mimi nikarudi na kane.

Basi anza na ndoano. Namba zake zinachanganya watu: namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, namba 14 ni ndogo kuliko namba 8, kisha ukifika ku zile zenye sifuri kama 1/0 na 2/0 inageuka, pale zinazidi kuwa kubwa. Kwa tilapia wa kiasi cha mukono chukua namba 8 na namba 10. Kwa visamaki vya mawe chukua 14, hata 16 ukiipata. Kwa kambale chache za namba 2 au 1/0 zinatosha. Nunua nyingi za 10, hata hamsini, sababu zile njo zitapotea, na za kambale nunua tano tu. Zunguka Birere na kwenye soko ya Virunga, uliza kwenye maduka ya kenkayeri (vyombo vya ujenzi) na kwa wamama wanaouza nyavu, usinunue kwa duka la kwanza. Jaribu moja kwa kukuna juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bila kushika, haijachongwa vizuri, iache.

Kamba: niloni ya kawaida. Maji ya Kivu yako safi, samaki anaona vizuri, kamba nene inamufukuza. Kamba kubwa chukua ya milimetre 0.20 ao 0.22, halafu kile kipande cha mwisho kinachoshika ndoano, urefu wa mukono moja hivi, fanya na 0.16 ao 0.18. Iwe dhaifu kuliko ile ya juu makusudi, sababu ndoano ikishikwa na jiwe kinakatika kile kipande tu, floteri (kile kinachoelea juu ya maji) na vingine vinarudi. Watu watakuambia ununue ile kamba ya kusukwa kama ya video, ni ngumu kweli lakini ikisugua ku lava inachanika upesi na bei yake iko juu. Iache kwanza. Na niloni usiiache ku jua, jua linaikausha, baada ya miezi inakatika kama uzi wa kuoza.

Kane. Hapa najua wengi hawatafurahi, lakini kane ya kwanza iwe ya bambu. Urefu wa metre 3 mpaka 4, nyembamba, iliyokaushwa kwenye kivuli siyo ku jua (ku jua inapasuka). Funga kamba kuanzia katikati ya bambu, uipeleke ikizunguka mpaka ku ncha, ufunge na pale tena. Ncha ikivunjika, samaki bado iko mukononi mwako. Na bambu hauhitaji muline. Kivu ni ziwa la kina sana, karibu metre 485 pale penye kina zaidi, na watu wanafikiri samaki wakubwa wako kule chini kabisa, hapana, kule hewa ya kupumua haiko, chini ya metre 60 hivi samaki hawaishi, kumejaa gazi. Chakula na samaki viko juu na pembeni, hasa ule muda wa asubuhi na jioni. Sasa muline ya kurusha metre 50 utaifanyia nini wakati tilapia iko inakula mbele ya miguu yako?

Floteri usinunue. Kata kapande ka babushi (ndara) ya zamani, kama kidole kidogo, toboa katikati na sindano ya moto, pitisha kamba, ziba na kijiti. Kazi yote iko kwa kuipima: ongeza plombi ndogo ndogo mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Floteri kubwa inayokaa kama chupa, tilapia anavuta kidogo, anasikia uzito, anatema, na wewe hauoni kitu. Iliyopimwa vizuri hata akinyonya chambo tu inatikisika, wakati mwingine inainuka badala ya kuzama, na hapo pia inua kane, usingoje.

Plombi ndogo zilizopasuliwa chukua paketi moja. Usizifinye na meno, risasi ni sumu, tumia pensi (koleo). Kwa kuvua kambale chini huhitaji plombi kubwa ya kununua, pitia kwa mafundi wa magari uombe buji (plagi za motere) zilizokufa ao ekru (nati), zinafanya kazi ileile. Na hizo usizifunge ku kamba yenyewe: funga buji na kauzi kadhaifu ka pembeni, kama sentimetre 20, buji ikinasa kwenye lava kauzi kanakatika, buji inabaki, ndoano na samaki vinarudi. Hii moja tu imeniokolea vyombo kuliko kitu kingine chochote.

Fundo ni la bure lakini ni sehemu ya vyombo vyako. Pitisha kamba ndani ya tundu la ndoano, zungushia ncha ku kamba kubwa mara tano ao sita, rudisha ncha ipite kwenye kale kaduara ka kwanza karibu na tundu, lowesha na mate, vuta polepole. Mate siyo ushirikina, niloni kavu ikisuguana inapata moto na inalegea. Fanya nyumbani mara ishirini mbele ya kwenda.

Vingine ni vya haraka: pensi ya pua ndefu ya kutolea ndoano, kitambaa cha kushikia tilapia sababu mapezi yake ya mugongoni yanachoma, kisu, kawavu kadogo ka mukono kama utapata, na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko la kuwekamo vyote. Chambo: minyoo kwa visamaki vya mawe, bukari (ugali) iliyokandwa ngumu ao mukate kwa tilapia, matumbo ya kuku kwa kambale.

Ukishika dola 20, nusu iende kwa ndoano na niloni, robo kwa pensi na plombi, inayobaki iweke ya kununua ndoano tena mwisho wa mwezi. Usiimalize ku kane.

Sasa mazuku. Naomba usome hapa vizuri hata kama vingine umevipita. Upande wetu huu, toka muji kuelekea Sake, kuko mashimo na mabonde madogo karibu na maji ambamo gazi karbonike inatoka chini ya ardhi, njo tunaita mazuku, ile gazi ni nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji, hauioni. Usiku na asubuhi mapema bila upepo njo inajaa. Wavuvi wa kambale wanapenda kukaa pale sababu kumetulia. Usikae ndani ya shimo, usilale chini ukingoja kane, usimuweke mutoto chini. Ukiona mijusi ao wadudu wamekufa, ao kibiriti kinazimika chenyewe ukikishusha chini, panda juu mara moja na uache vyombo.

Na tilapia ukimutoa, ukamuona ana mayai ao vitoto ndani ya kinywa, ni mama, anavilea mule mule, murudishe polepole ku maji. Wakitangaza kipindi cha kufunga uvuvi, kane ibaki nyumbani.

Ukishavua miezi miwili mitatu na hizo, na unajua kila jiwe la pahali pako, hapo njo ununue kane ya kukunjwa na muline ndogo. Hata vile vyuma vidogo vinavyozunguka ndani ya maji, chukua namba 0 ao 1, siyo zaidi, unaweza kuvijaribu karibu na mawe kwa visamaki wakali. Vile samaki vikubwa vya plastiki viache Naivasha. Ukirudi jioni, fungua kopo, panguza ndoano na kitambaa chenye mafuta kidogo, acha kopo wazi usiku wote, kutu inaanza na lile tone moja ulilofungia ndani.