Skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa haibadilishi kitu? Usiilaumu kabureta bado

Gari la zamani linazima ukiachia mafuta, na wengi hukimbilia kukaza skrubu ya sailensi (kasi ya injini usipokanyaga mafuta) mpaka injini ingurume. Hapo umeficha tatizo tu. Fanya hivi: injini ikishapata moto na choki ikiwa wazi kabisa, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu. Injini inatakiwa ianze kusuasua na kutaka kuzima. Isipojali kabisa, marekebisho hayatasaidia: ama jeti ndogo ya sailensi (tundu la kupitisha mafuta) imeziba, ama sahani ya hewa imefunguka mno (angalia kama waya wa eksileta umevutika), ama kuna hewa inaingia kwa pembeni. Hewa ndiyo mkosaji wa mara nyingi. Nyunyizia maji kidogo kwenye gasketi ya chini ya kabureta na mipira ya vakyumu (inayovutwa hewa na injini), mbali na plagi na waya zake. Mlio ukibadilika, umepata mahali.

Ukirudi kwenye skrubu ya mchanganyiko, ifunge hadi iguse tu. Ukiikaza, ncha yake inaharibika. Irudishe mzunguko 1 na nusu, kisha tafuta pale injini inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, ndipo ushushe sailensi.